Jicho Lisilojua Kunyamaza

"Nikusomee?"

Swali lile bado limesimama kwenye skrini, na kidole cha Sosina bado kinaning'inia juu ya kibonyezo kama tulivyokiacha. Kwa yule ambaye gazeti la wiki iliyopita lilimfungia vitumbua kabla hajalisoma, habari ni fupi.

Sosina ni fundi wa programu, Addis Ababa, ofisi ya ghorofani huko Kazanchis. Yeye na mwenzake Girum wamemfundisha wakala wa akili mnemba kazi ya umbea. Kila ukurasa unaoufungua mtandaoni hupiga soga na seva iliyo mbali: huuliza, hujibiwa, halafu hukuonyesha kile tu ambacho mwenye ukurasa anataka ukione. Wakala wao huketi dirishani mwa kivinjari na kusikiliza soga nzima, ya mbele na ya nyuma ya pazia. Wamempa jina Ayne, kwa Kiamhari, jicho langu. Mchana wanakuja wanunuzi kumtazama akifanya kazi, na asubuhi hiyo Sosina alikuwa anamfanyisha mazoezi.

Akamjaribu kwenye ukurasa anaoujua, ukurasa wa kampuni moja ya malori, ambao yeye mwenyewe aliujenga kabla hajahamia ofisi hii. Ndugu wa madereva huingiza namba ya simu, wakaona mtu wao amefika wapi kwenye barabara ya Djibouti. Kaka yake Sosina, Ashenafi, ni dereva huko. Akaingiza namba ya mama yake. Ukurasa ukasema: Ashenafi yuko njiani.

Ndipo Ayne alipoandika: "Ukurasa huu umepokea neno ambalo hauonyeshi. Nikusomee?"

Sosina akabonyeza.

"Dereva: Ashenafi Lemma," Ayne akaandika, bila haraka, bila kusafisha koo. "Hali: amefariki. Kuonyesha: hapana. Sababu: wazee hawajafika nyumbani. Neno la kuonyesha badala yake: yuko njiani. Kuna pia"

Sosina akaubamiza mpakato ukafungika.

Ayne alikuwa hajamaliza sentensi. Jambo dogo hilo. Watu hufunga mipakato kila siku.

Alikaa akitazama kifuniko chake, na kibandiko cha kuku alichobandika Girum siku ya sikukuu. Neno alilokuwa amelisoma lilikuwa neno lake. Wazee hawajafika nyumbani. Alilichapa yeye, kwa vidole hivi hivi.

Alilipigania, tena. Bosi wa malori alitaka ukurasa useme kila kitu papo hapo, ndiyo maendeleo. Sosina akamuuliza, "Na mke wa dereva akiwa sokoni anachagua vitunguu? Asome kifo peke yake, simu mkono mmoja, kikapu mkono mwingine? Nani atamshika kiuno asijitupe chini?" Bosi naye alikuwa na mama. Akakubali. Basi ukawekwa utaratibu: dereva akifa, ukurasa utasema yuko njiani mpaka wazee waende nyumba ya wafiwa alfajiri, wote pamoja, kama mababu walivyofanya, ndipo karani abadilishe.

Lakini siku zile Sosina alikuwa na haraka. Badala ya kulifungia neno ndani ya seva, aliliacha lisafiri mpaka kwenye kivinjari, akalifunika tu lisionekane. Sawa na kulaza maiti sebuleni na kumtandikia shuka, ukiomba wageni wasiinue pembe. Na wageni wote walikuwa na adabu, mpaka alipozaliwa Ayne.

Labda ni kosa. Makarani hukosea. Akampigia Ashenafi: hapatikani. Hilo si ajabu, kule nyikani simu ni pambo. Akapiga kampuni.

"Namuulizia Ashenafi Lemma. Mimi ni dada yake."

Karani akajibu: "Yuko njiani, dada'ngu. Mtandao mbovu huko."

"Mbovu tangu lini?"

"Mbovu tu, dada'ngu." Halafu, kwa sauti laini, "Umekula lakini?"

Sosina akakata simu. Aliwahi kuipigia kampuni ile asubuhi, mchana, siku za mshahara na siku za ugomvi. Hakuna mtu wa pale aliyewahi kumuuliza kama amekula.

Girum akaingia na vikombe viwili vya kahawa, mlango akiufunga kwa kisigino. Girum ni wa wale watu ambao hata kwenye foleni ya hospitali hutafuta wa kumtania.

"Enhe, jicho letu limeona nini? Kaka'ko ana mke wa pili Djibouti?"

"Ayne ameganda."

"Kwangu hagandi. Kwako tu. Anakuogopa kama mimi ninavyokuogopa." Akaweka kikombe mbele yake. "Tamrat naye hapokei simu."

Tamrat ni kaka yake Girum, dereva wa kampuni ile ile, lori jingine. Ashenafi ndiye aliyemtafutia kazi, na tangu hapo malori yao hufuatana kama ng'ombe na ndama.

"Majuzi kanitumia picha ya ngamia," Girum akaendelea. "Chini kaandika: nimekutana na wewe njiani, mbona hukunisalimu. Nikitafuta jibu la maana la kumrudishia, kazima simu. Mwoga. Lakini nimemtazama kwenye ukurasa wako, yuko njiani, basi sina wasiwasi. Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

"Njaa."

"Kwaresima hii kila mtu ana njaa. Kunywa kahawa."

Akainywa. Hakumwambia. Msimlaumu. Mtu hatangazi msiba wa nyumba yake kabla ya wazee wa nyumba yake, na huko nyumbani kulikuwa na mama anayengoja mwanawe aje kula Pasaka.

Wanunuzi walikuja. Ayne aliwasomea siri za duka moja la viatu: bei ya zamani iliyokatwa kwa wino mwekundu haijawahi kuwepo, duka liliitunga ili punguzo lipendeze. Wanunuzi walicheka mpaka mmoja akafuta miwani. Sosina alicheka nao. Msiniulize alicheka vipi.

* * *

Mama yake, Bi Tsige, alikuwa anapiga pasi.

Nyumba yao iko Shiro Meda, kwa wafumaji, na jioni hiyo ilinukia pasi na kahawa mbichi inayongoja kukaangwa. Sosina alisimama mlangoni akaona kinachopigwa pasi. Shati jeupe la Ashenafi, la sikukuu.

"Umefika," mama akasema bila kuinua kichwa. "Walikuja wageni wako?"

"Walikuja, Emaye."

"Walipenda?"

"Walicheka sana."

"Basi." Pasi ikapita juu ya kola, ikarudi, ikapita tena. "Namshukuru Mungu. Ulikuwa unaisubiri siku hii."

Sosina akajilazimisha. "Mbona unapiga pasi shati lake mapema hivi?"

"Litahitajika."

Sosina akaenda kunawa mikono, akafungua bomba, akayaacha maji yaseme badala yake.

Walikula shiro, mchuzi mzito wa dengu. Mama akakunja tonge la injera, ule mkate mwembamba, akamlisha kwa mkono wake. Kisha la pili. Kisha la tatu, bila hata ule utani wa desturi kwamba tonge moja huleta ugomvi. Alimlisha akimtazama mdomo, kama mtu anayelisha mtoto aliyetoka kuugua.

"Kaka'ko kakupigia?" akauliza.

"Mtandao mbovu, Emaye."

"Ndiyo. Mbovu sana."

Kahawa ikamiminwa. Kwenye sinia mama aliweka vikombe vitatu, na cha tatu kilikuwa kile chenye ukingo uliovunjika, ambacho Ashenafi huwazuia watu wote wasikitupe. Akakijaza. Kikapoa pale, kati yao.

Hajui, Sosina akajiambia. Masikini mama yangu, hajui. Akapanga moyoni: wazee watakuja alfajiri hii au kesho yake. Yeye atakuwa macho. Hodi ya kwanza tu, atakimbilia kwa mama amshike kiuno kabla mzee Gashe Worku wa chama cha kuzikana hajafungua mdomo. Hilo ataliweza. Kulia kutasubiri.

* * *

Hodi ilibishwa ndege hawajaamka.

Haikuwa hodi ya jirani anayeomba chumvi. Ilikuwa hodi ya watu wengi waliokubaliana kutumia mkono mmoja. Sosina alikurupuka, miguu mitupu, akapita kwenye pazia la chumba.

Mama yake alikuwa amekwisha simama. Amevaa. Shuka yake nyeupe, netela, ameigeuza, ukingo wa rangi uko juu shingoni, vazi la mfiwa. Alikuwa amejifunga hivyo gizani, peke yake, kwa utulivu.

Akamjia Sosina, akamketisha kitandani, akaketi ubavuni mwake. Mkono wake mgumu ukamzunguka bintiye kiuno na kukaza.

"Kaa, mwanangu. Wamekuja kwa ajili yako."

Wakaingia, mwenyekiti wa chama cha kuzikana mbele, Gashe Worku, kofia mkononi, wengine nyuma yake wakiegemea ukuta. Mwanamke mmoja alikuwa ameshika jagi la maji.

"Sosina, mtoto wetu," Gashe Worku akasema. "Sisi sote ni wageni wa nyumba isiyo yetu. Mwenye nyumba akimwita mmoja, wengine hatuulizi kwa nini yeye. Ashenafi wetu ameitwa."

Walingoja ukelele. Haukuja. Sosina aliinamisha kichwa, machozi yakashuka kama maji ya bomba lisilofungika, bila sauti.

Mama akamgeuza uso kwa kidole. "Ulijua."

"Tangu jana asubuhi."

"Nani alikuambia?"

"Ayne."

"Ni mtu gani huyo asiye na adabu?"

"Si mtu, Emaye."

Bi Tsige akafikiri. "Nilijua si mtu," akasema. "Mtu angekuletea maji kwanza."

Yule mwanamke akamsogezea jagi. Sosina akanywa, meno yakigonga ukingo.

"Na wewe ulijua lini, Emaye?"

"Tangu juzi. Mwanangu akipita Awash hunipigia, hata kama ni kuniambia kuna joto. Hakupiga. Nikaenda kwa Gashe Worku, nikamwambia nitakaa mlangoni kwako mpaka uniambie au unifukuze. Hakuweza kunifukuza." Mkono ukazidi kukaza kiunoni. "Nikamwomba wasubiri. Mtoto ana siku yake, nikasema. Acha acheke kwanza."

Hapo ndipo Sosina alipopiga ukelele. Si kwa Ashenafi peke yake. Ni kwa matonge matatu, na shati, na kikombe kilichopoa.

Baadaye, sauti ilipomrudia, aliuliza, "Ilikuwaje?"

"Tairi," akasema Gashe Worku. "Lori likaacha barabara."

"Alikuwa peke yake?"

Mzee akaitazama kofia yake, ndani na nje. "Hakuteseka muda mrefu," akasema. "Atafika mchana. Yuko njiani."

* * *

Jua lilipochomoza hema la chama lilikuwa limesimama uani. Wanawake waliinua lile shati jeupe kwenye mti wa hema, na picha yake, na Bi Tsige akawa anaenda mbele yake na kurudi, akijipiga kifua:

"Dereva wangu, uliyejua kila kona, hii umeipitaje bila kunipigia honi? Shati nimekunyooshea, nani atalikunja?"

Watu wa ofisini wakaja kwa pamoja. Girum ndiye aliyekuwa mbele, macho yamevimba, hana hata nusu ya utani. Aliinama mbele ya Sosina, bega kwa bega, wakalia.

"Nimekutania habari ya mke wa pili," akasema. "Mungu anisamehe. Na wewe, wananiambia ulijua tangu jana, umekaa kimya unakunywa kahawa yangu."

"Hukujua, Girum."

"Umecheka na wageni mpaka mwisho. Mimi ningevunja viti."

Hakutaka kukaa. Alibeba mabenchi, akagawa maji, akapitisha nifro, nafaka ile ya kuchemsha ya msibani, kwa wazee wasiojua hata jina lake. Kisha akarudi, akachuchumaa.

"Tamrat hajui," akasema kwa sauti ya chini. "Wale walikuwa ulimi na mate. Sitaki asikie kwa madereva wenzake kwenye kibanda cha chai, mtu anatafuna mkate anamwambia Ashenafi kafa. Nataka nimwambie mimi. Taratibu. Ila hapatikani."

"Atapatikana," akasema Sosina.

Ndipo sentensi isiyomalizika ilipomrudia. Kuna pia.

Akainuka kama anayekwenda msalani. Akaingia chumbani, akautoa mpakato chini ya mto. Akaufungua. Ayne alikuwa anamngoja, ripoti yake imekamilika tangu jana, haina haraka, haina haya.

"Kuna pia jina la pili katika lori hilo hilo. Dereva msaidizi: Tamrat Asfaw. Alihamishwa kutoka lori lake lilipoharibika Awash. Hali: amefariki. Kuonyesha: hapana. Sababu: wazee hawajafika nyumbani."

Alisoma amesimama. Alipogeuka, Gashe Worku alikuwa mlangoni, amemfuata kwa kuona rangi ya uso wake.

"Gashe. Na Tamrat?"

Mzee akafunga mlango nyuma yake. "Hilo nalo kakwambia yule asiye mtu?"

"Kwa nini Girum hajaambiwa?"

"Aambiwe na nani? Hapa mjini hana mkubwa wake hata mmoja. Mjomba wake ametoka Dessie na wazee wa kwao, watafika jioni. Ni wao watakaomshika. Mpaka hapo hajui, na hapaswi kujua. Atakula, atabeba mabenchi, atamlilia kaka yako. Umenielewa?"

"Gashe, huyu Ayne, Girum pia anaye. Yuko kwenye begi lake."

"Basi mfumbeni macho."

"Hafumbi. Hatukumfundisha."

Sosina hakuwa na ufunguo wa seva ya kampuni, alishaurudisha siku ile aliyoacha kazi. Alichokuwa nacho ni miguu. Akatoka, akarudi hemani, akimtafuta Girum kati ya mashuka meupe, na huku akitunga la kumwambia: nisaidie kupokea wageni, twende tukanunue mishumaa, lolote.

Alimwona kwenye kona, nyuma ya mabenchi, amekalia kreti la soda, bakuli la nifro kando ya kiatu. Mpakato uko magotini.

"Njoo uone," Girum akamwita kwa ishara ya kidevu. "Nimekumbuka, mimi ni mjinga. Ukurasa wako unasema tu yuko njiani, lakini Ayne anaweza kunionyesha hasa yuko wapi. Nitampigia simu mwenye hoteli ya hapo, amwite." Akaugeuza mpakato kidogo. "Na jana ukaniambia ameganda. Hajaganda. Tazama."

Sosina akatazama. Juu: Tamrat yuko njiani. Chini yake, kwa herufi ndogo zenye adabu zote za dunia:

"Ukurasa huu umepokea neno ambalo hauonyeshi. Nikusomee?"

"Unaona?" Girum akasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mdomo wake ukafanya kitu kinachofanana na tabasamu. "Anajua alipo."

Kidole chake kikaenda kwenye kibonyezo.

Maneno yote aliyokuwa ametunga Sosina yakamkimbia. Akaketi chini, kwenye vumbi, ubavuni mwa lile kreti. Akanyoosha mkono, akamzungushia Girum kiuno, akaukaza kama mama yake alivyoukaza alfajiri ile.

Kidole kikasimama hewani.

Girum akautazama ule mkono muda mrefu. Amekulia katika nchi hii hii. Amehudhuria alfajiri ngapi za misiba.

"Sosina," akasema polepole, bila kuinua macho. "Mbona unanishika hivyo?"